Tulihitimu kwa Masikio

Karibu chai, rafiki yangu, nikusimulie chuo cha Lamu enzi zetu. Tulijazana barazani kwa mwalimu, miguu tumeikunja mkekani, ubani ukinukia kutoka ndani, kila mtoto akisoma sura yake kwa sauti. Huyu yuko Yasini, yule Tabaraka, wadogo ndio kwanza wanaanza irabu. Mgeni angesikia makelele matupu. Mwalimu, macho yamo kwenye kofia ya vito anayoishona, hasemi neno. Mara sindano inasimama: "We mwana wa nyuma! Vuta hapo. Rudia." Mtoto kafupisha madda moja tu, na sikio la mwalimu limeidaka katikati ya sauti zote zile.

Siku moja tulikuwa Luqman, pale anapomuusia mwanawe ateremshe sauti, maana sauti inayochukiza kuliko zote ni ya punda. Punda wa Lamu hawana subira: mmoja akalia papo hapo dirishani, mlio mrefu wa kukwaruza. Chuo kizima tukaangua kicheko, na mwalimu naye mabega yakamtikisika.

Ramadhani baba alinichukua darsani baada ya alasiri. Huko ndiko nilikosikia kwamba tulitoka matumboni mwa mama zetu hatujui kitu, tukapewa kusikia, kuona na nyoyo. Ndivyo inavyosema Nahl, na mahali pengi Qur'ani hutanguliza kusikia. Hata wale vijana wa pangoni, ni masikio yao yaliyozibwa ndipo wakalala miaka. Lakini kisa alichokipenda baba ni cha Mtume kumtaka Ibn Mas'ud amsomee. Nikusomee, nawe ndiye uliyeteremshiwa? Naam, napenda kuisikia kwa mwingine. Alipofika aya ya 41 ya Nisaa akaambiwa basi, na macho ya Mtume yakimiminika machozi. Baba alikirudia njiani, na sauti ikimkatika palepale kila mara.

Zilipokuja kanda za Sheikh Abdul Basit, jirani mmoja alikuwa na redio kaseti, na mtaa mzima ukahamia barazani kwake. Akimaliza aya ndefu kwa pumzi moja, wazee wote: "Allaaah!" Leo wajukuu wangu wana wasomaji wa dunia nzima simuni, kila mmoja na vipokea sauti vyake masikioni. Tajwidi yao safi kuliko yetu. Ila nyumba imekuwa kimya, nami sijauzoea ukimya huu.

Juzi nilimwita mdogo wao, nikamwambia avitoe, anisomee Tabaraka.

"Babu, si unaijua?"

"Naijua, mwanangu. Soma."