Tunamngoja Nani?

Leo nataka kuungama kosa langu moja, na kuwapa habari ya kitabu kilichonifumbua macho.

Mwaka 2023 vita viliwafukuza watu wengi vijijini mwa Masisi. Wengine walikimbilia upande wa Sake na Goma, wengine wakafuata barabara kubwa ya Walikale iendayo Kisangani. Mimi ni katekista, na kijiji chetu kiliwapokea baadhi yao. Kila asubuhi watu walikaa chini mbele ya kikanisa wakingoja jetoni za posho. Majina yaliandikwa, orodha ikapotea, yakaandikwa tena. Jioni tuliambiwa: rudini kesho.

Noeli ilipokaribia, vijana wakataka kucheza mchezo. Mmoja wao, aliyesoma Goma, akaniletea kitabu cha Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1947. Kitabu kinaitwa Amezidi, nacho kilitolewa mwaka 1995. Nikakisoma usiku kwa taa. Watu wawili, Ame na Zidi, wanakaa pangoni katika ufukara. Ukiunganisha majina yao unapata jina la kitabu. Wanaongea, wanabishana, wanaota ndoto za utajiri, lakini mambo yao hayaendi mbele. Nilitafuta mwanzo, katikati na mwisho, kama tulivyofundishwa seminarini, sikuviona. Asubuhi nikamrudishia kijana kitabu chake, nikasema, “Huu ni upuuzi. Chezeni habari ya wachungaji.”

Kijana hakukasirika. Akauliza kwa heshima, “Mwalimu, na sisi tunaokaa pale nje kutwa nzima, habari yetu ina mwanzo gani na mwisho gani?”

Sikuwa na jibu.

Wataalamu wa Kiswahili huita michezo ya namna hii michezo ya ubwege. Si kwamba mwandishi ni bwege, la. Ameona maisha yaliyokosa maana na mpango, naye anayaonyesha kwa mchezo usio na mpango. Mtindo huu ulipata nguvu Ulaya baada ya vita kuu ya pili. Samuel Beckett, mtu wa Ireland, alitunga kwa Kifaransa mchezo wa watu wawili wanaomngoja Bwana Godot kando ya njia. Ulichezwa Paris mwezi wa Januari 1953. Kila jioni mtoto anakuja kusema kwamba Bwana hatafika leo, labda kesho. Seminarini tulisoma kurasa zake chache, tukacheka, tukazisahau. Lakini mwaka 1957 wafungwa wa San Quentin, huko Marekani, waliutazama wakauelewa. Mwaka 1993 ulichezwa Sarajevo, mji uliozingirwa na vita, kwa mwanga wa mishumaa. Aliyengoja sana hana haja ya kuelezwa kungoja ni nini.

Wataalamu hao wana neno jingine, usasaleo. Ni mtindo wa waandishi wasiosadiki tena kwamba hadithi moja iliyonyoka yaweza kueleza mambo yote. Huvunja ukuta kati ya mchezaji na mtazamaji, huchanganya yawezekanayo na yasiyowezekana. Je, hayo ni mageni kwetu? Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, mzee Candi Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck habari za Mwindo. Mzee alisimulia, akaimba, akacheza, akawa yeye mwenyewe Mwindo. Na watu wakamwitikia. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba yake anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni, naye humo ndani anaimba! Wazee hawakuuita upuuzi.

Nikakisoma tena kile kitabu. Godot wa Beckett hajulikani ni nani. Lakini kwa jinsi nilivyomwelewa mwandishi wa Zanzibar, yeye anatuonyesha watu waliozoea kuishi kwa kutegemea mkono wa mwingine. Ndipo jina lile likanichoma. Nani amezidi? Ni yule anayetudhulumu tu, au ni mimi pia niliyezidi kukaa? Maana siku mbili niliwaacha wakatekumeni wangu bila masomo, nikakaa katika mstari wa jetoni.

Basi nikawaruhusu vijana. Hawakukariri kitabu, walitunga mchezo wao. Wawili walikaa chini ya mti wakingoja watu wa misaada waje kuchimba vyoo, maana tuliahidiwa hivyo tangu mwezi wa tisa. Kila mara mtoto alikuja kusema, kesho. Watu walicheka mpaka machozi. Halafu mama mmoja mzee, aliyekimbia kutoka Masisi, akainuka kati ya watazamaji, akaingia mchezoni, akawapiga vijana kwa kitambaa chake: “Wanangu, huyo bwana akija atawakuta! Kwanza chukueni jembe!”

Mchezo ukaishia hapo. Wiki ile tulichimba vyoo vitatu.

Msinielewe vibaya. Posho ni haki ya mtu aliyefukuzwa shambani mwake, na wanaochelewesha haki hiyo watajibu. Wala vyoo vitatu havikumaliza vita. Lakini nimejifunza kwamba mchezo wa ubwege si adui wa tumaini. Unatuonyesha kungoja kulikokufa, ili tukutofautishe na kungoja kulio hai. Majilio yanatufundisha kungoja taa zikiwa zinawaka, si kungoja tukisinzia.

Kijana yule nimemwomba radhi. Kitabu chake bado ninacho, naye kila tukionana ananiuliza nitakirudisha lini. Namjibu: kesho.