Barua kutoka Maskati

Wazee wangu wa Nyarubungo, huko Biharamulo, nanyi ndugu zangu mlio rika langu, nawaarifuni ya kuwa mimi ni mzima wa afya hapa Maskati nchini Omani, mji uliobanwa baina ya bahari na majabali makavu, ambako tangu Juni hadi Agosti serikali imepiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, amri ambayo mtu aliyelelewa na mvua za Biharamulo, akitoka nje saa hizo, huifahamu bila ya kusomewa.

Kwetu mgeni akiingia kijijini huulizwa ni mtoto wa nani na ametokea upande gani, na akishajibu hupewa kiti. Huku huulizwa kafili wake ni nani, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, maana ukaazi wake umefungamana na jina hilo. Joto nililizoea upesi. Hili la kafili limenichukua muda mrefu zaidi. Mtu mzima, mwenye ukoo na shamba la migomba, ajitambulishe kwa jina la tajiri wake! Insafu hata hivyo yanitaka niseme kwamba kamba imelegezwa, kwani tangu 1 Januari 2021 mfanyakazi aliyetimiza mkataba wake aweza kuhamia kwa mwajiri mwingine pasipo kuomba ridhaa ya yule wa kwanza. Walakini watumishi wa nyumbani, na miongoni mwao wamo mabinti wengi wa Afrika Mashariki, wamewekewa kanuni za peke yao, na aliye ndani ya nyumba ya watu mchana na usiku si rahisi kuifikia ofisi ya kupelekea mashitaka yake.

Msidhani pia ya kuwa nimezungukwa na Waarabu watupu. Zaidi ya theluthi ya wakaao nchi hii ni wageni, aghalabu Wahindi, Wabangladeshi na Wapakistani, na katika mtaa wa Ruwi nisikiapo mtu akiitwa dukani, mara nyingi huitwa kwa Kihindi au Kibengali.

Lakini ingia Matrah, penye soko la kale kando ya bandari, uyasikie maajabu: mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kudarizi, ambaye ungemdhania hajapata kuvuka bahari, anamgombeza mjukuu wake kwa Kiswahili fasaha kiasi cha kunifanya mimi, niliyekipokea shuleni juu ya lugha ya mama yangu, nione haya kufungua kinywa. Asili ya Kiswahili hicho ni historia: Seyyid Said, mtawala wa Omani, aliyehamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliyowatawanya wengi, kisha Sultani Qaboos, ambaye baada ya kushika enzi tarehe 23 Julai 1970 aliwaita Waomani wa ng'ambo warejee kuijenga nchi, nao wakaja na elimu zao, na mishikaki yao, ambayo hata leo huchomwa kando ya barabara jioni.

Mmoja wao alinikaribisha kahawa chungu yenye iliki, pamoja na tende. Hapo pana adabu ya kujua, kwani finjani hujazwa tena na tena mpaka uitikise kidogo mkononi. Alipouliza natoka wapi alitarajia nimtajie Pemba au Tanga. Nikasema Nyarubungo, na barazani wote wakanyamaza, isipokuwa mtu mmoja mkongwe, mzaliwa wa Bujumbura, aliyeniuliza kama njia yetu ya Nyakanazi ingali na vumbi. Siku hiyo sikuulizwa kafili. Hata hivyo nisiwadanganye: Kiswahili hunipatia kahawa na maongezi, bali hati yangu ya ukaazi ni ile ile ya Mbangladeshi jirani yangu, na ikiisha sote twaondoka.

Kwa hiyo vijana mnaouliza njia ya kunifuata, nawaombeni kabla ya kupanda basi mpewe mkataba kwa lugha mnayoifahamu, mjue kafili ni nani na kazi ni ipi, nakala moja muiache kwa mzee nyumbani, na mkifika mjiandikishe kwenye ubalozi wetu wa Tanzania hapa Maskati. Wakala asiyekubali hayo, mwacheni.