Ensaiklopedia ni Mlango Tu

Siku hizi wanafunzi wetu wakipewa kazi ya kutafuta habari za jambo fulani, mara hushika simu na kufungua Wikipedia. Wazee wengine hukasirika, husema huo ni uvivu. Mimi ninayewafundisha vijana siwakatazi. Nawaambia tu: mlango ni wa kuingilia, hakuna mtu anayehamia mlangoni.

Ensaiklopedia hiyo ilianza mwaka 2001. Karibu kila mtu aweza kuandika ndani yake na kusahihisha, mwenye elimu na asiye nayo. Ndiyo sababu ina habari nyingi, na ndiyo sababu makosa huingia. Mwaka 2005 mtu mmoja huko Marekani aliandika humo kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa magazeti, alishukiwa kushiriki katika kumwua Rais Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, nao ulikaa humo miezi minne.

Tutwae mfano wa kwetu Kongo. Mwanafunzi ataka kujua Patrice Lumumba alikufa lini na namna gani. Ensaiklopedia yamwambia: alipigwa risasi tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Vema. Lakini akipata magazeti ya Februari mwaka ule, atakuta neno lingine. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ilitangaza kwamba watu hao walitoroka kifungoni, wakauawa na wanakijiji. Kijiji chenyewe hakikutajwa jina.

Nani asema kweli? Aliyenakili tu hana jibu. Bali aliyeshuka mpaka chini ya ukurasa, penye namba ndogo na majina ya vitabu, ataongozwa kwenye taarifa ya tume ya bunge la Ubelgiji ya mwaka 2001. Tume hiyo ilichunguza hati na kuuliza mashahidi. Ikaonyesha kwamba waliuawa tarehe 17 Januari, mbele ya wakubwa wa Katanga, na Wabelgiji kadhaa walikuwapo. Habari ya wanakijiji ilitungwa.

Tazameni basi: watu wasio na hatia walitwikwa damu ya wengine, na magazeti yakaichapa habari hiyo. Hata karatasi iliyopigwa chapa yaweza kusema uongo.

Kwa hiyo nawafundisha vijana hivi. Kwanza, soma ukurasa wote upate majina na tarehe. Pili, fuata namba ndogo mpaka kwenye kitabu chenyewe. Tatu, linganisha mashahidi wawili au zaidi. Mwisho, andika kwa maneno yako, ukitaja ulikoyatoa.

Nanyi wazazi, mtoto akiwasomea kazi yake jioni, msimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulizeni: «Umejuaje?» Akiweza kujibu swali hilo, amesoma kweli.