Nyumba ya Marehemu Yataka Ushahidi

Matanga yakiisha na wageni wa Newala na Masasi wakishapanda basi, ndipo swali huulizwa: nyumba hii ni ya nani? Sisi akina mama wa Rahaleo, hapa Mtwara, tumelisikia swali hilo katika misiba mingi. Tulilisikia tena alipofiwa na mume mwenzetu mmoja wa umoja wetu, akabaki na watoto wanne na nyumba ya vyumba vitatu.

Mwenzetu aliijua nyumba ile tofali kwa tofali. Kwa fedha za maandazi alinunua mabati, na maji ya kufyatulia matofali aliyabeba kichwani. Lakini kwenye kikao cha ukoo mpwa wa marehemu alisimama, akasema kiwanja alikitoa mjomba, kwa hiyo ni mali ya ukoo. Hakusema neno geni. Kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na zamani urithi wa mwanamume ulikwenda kwa watoto wa dada yake.

Tulimshauri mwenzetu asigombane. Tulimwuliza jambo moja tu: mama, una karatasi gani?

Hati miliki hakuwa nayo. Ndani ya sanduku la kanga tulikuta karatasi ya mauziano ya mwaka 1998, yenye sahihi ya muuzaji, mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa. Zilikuwepo pia risiti za kodi ya jengo na cheti cha ndoa. Muuzaji alikwisha fariki, lakini shahidi mmoja alikuwa hai Mikindani. Tulimfuata. Mzee yule alikuja, akaonyesha mipaka kwa fimbo yake, na majirani wakakubali. Ndipo wazee wa ukoo wakakumbuka vizuri: alichokitoa mjomba ni shamba la mikorosho la Naliendele. Basi shamba lilirudi kwa ukoo, na nyumba ikaandikwa katika mirathi ya marehemu. Kila mmoja alipata kilicho haki yake, na undugu haukuvunjika.

Kutoka hapo safari iliendelea. Mwenzetu alipata cheti cha kifo, akachukua muhtasari wa kikao uliotiwa sahihi na wanandugu, akaomba mahakamani ateuliwe msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mirathi ya Mkristo ambaye hakuishi kimila hupelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Tangazo hutolewa, ili mwenye pingamizi ajitokeze mapema.

Hapa akina mama wengi hudhani kazi imekwisha. Bado! Msimamizi si mwenye mali, ni mtumishi wa warithi. Yeye aliyeteuliwa na Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu hutakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 6, na hesabu ya ugawaji ndani ya mwaka 1. Kama nyumba ina hati, hupeleka barua ya usimamizi kwa Msajili wa Hati. Kwanza huandikwa yeye kama msimamizi badala ya marehemu, kisha ndipo huwahamishia warithi. Hati ikiachwa kwa jina la marehemu miaka na miaka, hata wajukuu watahangaika nayo.

Tena tusisahau haki yetu wenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kwamba mke aliyechangia kwa jasho lake katika kuitunza na kuiendeleza ardhi iliyo kwa jina la mumewe, hupata haki ndani yake. Sehemu hiyo ni yake, haigawanywi kama urithi. Lakini jasho nalo lahitaji ushahidi: risiti ya saruji, fundi aliyelipwa, jirani aliyeona.

Wengine husema kuulizia karatasi mume akiwa hai ni kumtakia kifo. Nabii Yeremia aliponunua shamba kule Anathothi alipima fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, akaagiza iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Hakuna aliyesema anatafuta kifo.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, jioni moja baba watoto akiwa ametulia, mwombe mkae pamoja. Tazameni: mauziano yako wapi? Yana jina la nani? Je, jina lako lipo? Mashahidi wangali hai? Toeni nakala, moja ikae nyumbani na nyingine kwa mtu mnayemwamini. Waonyesheni watoto wakubwa mipaka ya kiwanja. Ni kazi ya jioni moja, na anayebaki nyuma, awe baba au mama, atawashukuru kwayo.