Jumba la Krete na Vigae vya Mto Tana

Mpwa wangu alipanda basi la Garissa akiwa na kitabu cha historia alichoazima shuleni, na kutoka Nairobi hadi Mwingi hakuinua kichwa. Tulipolipita soko la Mwingi akanionyesha picha ya nguzo nyekundu na vyumba visivyohesabika: jumba la Knossos, katika kisiwa cha Krete.

"Mjomba," akaniuliza, "mbona huku kwetu hakuna kitu kama hiki? Tunakokwenda si ni vumbi na ngamia tu?"

Msomaji mpenzi, swali la mtoto lina njia ya kumwaibisha mtu mzima. Nilimweleza nilichokijua. Knossos lilijengwa yapata miaka 4,000 iliyopita. Mwingereza Arthur Evans alianza kulichimba mwaka 1900 akakuta maghala yenye mitungi mirefu, pamoja na vibao vya udongo vyenye maandishi. Aina moja ya maandishi hayo ilifumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952. Nyingine ingali kitendawili hadi leo. Na zile nguzo zinazong'aa pichani? Nyingi ni kazi ya Evans mwenyewe, aliyezisimamisha upya kwa saruji na kuzipaka rangi. Mpwa wangu alinitazama kana kwamba nimemwibia kitu.

Jua la Garissa halina simile. Baada ya kuvuka daraja tulipokewa na mzee mmoja Msomali, rafiki ya marehemu baba yangu, akatukaribisha chai ya maziwa ya ngamia. Kijana alipolirudia swali lake, mzee alicheka.

"Waryaa, umewahi kufika Wajir? Visima vile vimechongwa ndani ya mawe ya chokaa. Sisi tumevikuta. Wazee wetu walisema vilichimbwa na Madanle, watu wakubwa kwa maumbile, waliokuwa hapa kabla yetu. Mifugo yetu inaishi kwa jasho la watu hao. Hilo jumba lako la Krete linanywesha ngamia wangapi?"

Kwa hilo hatukuwa na jibu. Hata hivyo, nilikuwa nimepanga kumwonyesha kijana kitu kingine, na njia ya kukifikia ni ule mto tuliouvuka.

Asubuhi tulishika barabara ya Hola na Garsen, Tana ukiwa upande wa kushoto. Vizuizi vya polisi vilikuwa vingi, toa kitambulisho, rudisha kitambulisho, na vumbi likatugeuza sote rangi moja. Lakini bonde hilo si geni kwa wataalamu. Vyungu vya kale vyenye mistari ya pembetatu iliyokwaruzwa kabla ya udongo kukauka, ambavyo vigae vyake hupatikana katika miji ya kwanza ya pwani, vimepewa na wanaakiolojia jina la mto huu huu: mapokeo ya Tana. Mwanaakiolojia Mkenya George Abungu aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akaikamilisha mwaka 1989, kuhusu jinsi watu wa delta walivyohusiana na watu wa bara kupitia mto huu tangu karne ya 8.

Ushahidi mwingine umetoka Shanga, katika kisiwa cha Pate, alikoanza kuchimba Mark Horton mwaka 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, tabaka baada ya tabaka, hadi akafikia kijengo kidogo cha miti cha karne ya 8. Watu wa Shanga walijenga kwa udongo na miti kwanza, wakaja kujenga kwa matumbawe na chokaa baadaye. Yaani mji ulikua pale pale, wala haukushushwa jahazini ukiwa umekamilika, kama vitabu vya zamani vilivyotufundisha. Na miongoni mwa mifupa iliyofukuliwa imo ya ng'ombe, mbuzi na hata ngamia. Ngamia, mpwa wangu! Kisiwani!

Jioni ya siku ya pili tulifika Ungwana, karibu na Kipini, mahali Tana unapokutana na bahari. James Kirkman alichimba hapa miaka ya 1950. Mji ulizungukwa na ukuta, na ulihamwa karne ya 17. Leo yapo magofu ya msikiti wa Ijumaa, makaburi ya mawe, na miti iliyopenyeza mizizi ukutani kama vidole. Hakuna nguzo nyekundu. Hakuna aliyepaka chochote rangi, na kwa maoni yangu ni afadhali hivyo, ijapokuwa ukuta unaobomoka kimyakimya nao haumpendezi mtu.

Mpwa wangu alizunguka peke yake kwa muda mrefu. Tulipokuwa tukiondoka niliona mfuko wake umetuna. Alikuwa ameokota kigae chenye mistari, ili akawaonyeshe wenzake darasani.

Nilitaka kunyamaza. Kigae kimoja kati ya maelfu, kina hasara gani? Lakini mvuvi aliyetuongoza alikwisha kuona.

"Kijana, hicho kikiwa hapa kinasema kimelala na nani na juu ya nini. Kikifika Nairobi ni kipande cha chungu tu. Tena sheria hairuhusu."

Akarudi nacho bila kubisha. Tulimsubiri, giza likaanza kuingia, mbu nao wakatushukia. Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa kando ya ukuta, kigae kiganjani, akikiweka hapa, akikiondoa, akikiweka pale.

"Mjomba," akasema, "sikumbuki nilikitoa wapi hasa."