Dawa ya Moto Si Moto

Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Msemo huo umewatia wengi ujasiri katika ugomvi na katika siasa, lakini upo mahali pamoja ambapo ukifuatwa huleta hasara isiyofidika: kichwani mwa binti aliyeblichi nywele akitarajia rangi ya dhahabu, akapata rangi ya chungwa. Shauri la kwanza analopewa na marafiki, na wakati mwingine na msusi mwenyewe, ni kurudia. Kama blichi ya kwanza haikufika, ya pili itafika.

Wapo watakaouliza kwa nini ukurasa huu, uliozoea bajeti, uchaguzi na ardhi, leo umeingia saluni. Historia yetu ina jibu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Septemba 2018 Spika Job Ndugai alizuia wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni. Juni 2019 Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, alipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazotoka nje ya nchi na asilimia 10 kwa zile zinazotengenezwa nchini. Kwa nusu karne dola imekuwa na neno la kusema juu ya kichwa cha mwanamke. Ambalo halijasemwa ni namna mwanamke huyo anavyoweza kutii, au hata kukataa kutii, bila kuumia.

Tuanze na maumbile. Rangi ya nywele hutokana na melanini, nayo ni ya aina mbili: yumelanini, iliyo nyeusi au kahawia, na feomelanini, iliyo nyekundu na manjano. Poda ya blichi ikichanganywa na peroksaidi huyafunua magamba ya unywele, ikapenya ndani na kuivunja melanini. Yumelanini huvunjika mapema, feomelanini hukaidi. Ndiyo maana nywele nyeusi haziruki moja kwa moja hadi dhahabu. Hupita kwenye wekundu, kisha chungwa, kisha manjano iliyokolea, ndipo zifikie manjano hafifu kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Kwa hiyo rangi ya chungwa si uchafu ulioingia kutoka nje. Ilikuwamo tangu awali, na imeonekana kwa sababu nyeusi iliyoifunika imeondoka.

Blichi haichagui cha kuvunja. Pamoja na melanini huvunja vifungo vya salfa vinavyoipa keratini uimara wake. Tena keratini yenyewe ina umanjano kidogo, hivyo anayetafuta weupe kamili kwa blichi juu ya blichi, mwishowe huuondoa unywele wenyewe. Na unywele uliokwisha kuota hauna uhai. Kidonda cha ngozi hupona, lakini unywele uliokatika ndani hauponi kwa mafuta wala kwa stimingi; hulainishwa tu ukasubiri kukatwa, huku mpya ukiota kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi.

Njia bora ni ipi? Kila aliyesoma shule ya bweni anaikumbuka bluu ya kufulia. Shati jeupe lilipoanza kuwa la manjano, hatukulichemsha kila wiki mpaka lichanike. Tulilifua, kisha tukalisuuza katika maji yenye bluu kidogo. Bluu haikuung'oa umanjano. Iliukabili machoni, na shati likaonekana jeupe. Tona ya nywele hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Rangi ya buluu hukabili chungwa, na zambarau hukabili manjano. Mwenye nywele za chungwa akinunua shampuu ya zambarau kwa sababu tu rafiki yake ilimfaa, atalalamika kwamba haifanyi kazi, kumbe amechukua dawa ya ugonjwa mwingine.

Sisemi mtu apake bluu ya kufulia kichwani. Ile ni ya nguo. Hali kadhalika jiki, ambayo wapo wanaoijaribu kwa sababu ni rahisi: klorini iliyomo humeng'enya keratini, na ikichanganywa na siki au amonia hutoa hewa ya sumu. Ninachosema ni kwamba nywele zilizokwisha kuchoka zihudumiwe kwa kuongezewa, si kwa kupunguziwa. Ichaguliwe tona isiyo na amonia. Kama inahitaji peroksaidi, iwe ile ya voliyumu 10, yaani asilimia 3, si ya voliyumu 40, ambayo ni asilimia 12. Ijaribiwe kwanza kwenye kishungi kidogo nyuma ya kichwa, kisha iangaliwe kila baada ya dakika chache, kwa kuwa nywele zilizoblichiwa hunywa rangi kwa pupa. Baada ya hapo shampuu ya buluu mara moja kwa wiki yatosha. Ikizidi, nywele hukauka na kupoteza mng'ao. Na mwenye nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha asizitie blichi kabisa, kwa maana dawa hizo mbili hushambulia vifungo vile vile.

Kwa mkazi wa nyanda za juu za Kigoma yapo mambo mawili ambayo hayamo katika maelekezo ya pakiti. La kwanza ni maji. Maji yenye madini ya chuma huacha wekundu juu ya nywele zilizoblichiwa, hata tona nzuri ikaonekana imeshindwa baada ya wiki moja. Kipimo chake hakihitaji maabara: tazama ndoo nyeupe unayochotea. Ikiwa imejenga utando mwekundu wa kutu, maji hayo yanakupaka rangi kila unapooga. Kasulu na Kibondo hazina uhaba wa mvua kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati lisilo na kutu yanafaa zaidi kwa kusuuzia.

La pili ni mafuta. Mkoa huu una michikichi, na mchikichi hutoa mafuta ya aina mbili. Mawese, yatokanayo na nyama ya tunda, yamejaa karotini, ambayo ndiyo wekundu wake. Kuyapaka kwenye nywele unazojaribu kuziondolea rangi ya chungwa ni kutwanga maji kwenye kinu. Mafuta ya mise, yatokanayo na kokwa, ni jambo jingine. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, kama ilivyo kwa mafuta ya nazi, na asidi hiyo ina molekuli ndogo inayopenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Bibi zetu wa Buha wamepaka mise miaka yote. Binti anayedharau chupa ya mise sokoni akanunua chupa ya ng'ambo kwa bei mara tano, mara nyingi amenunua manukato tu.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili ni la utawala. Kazi hunipeleka Kasulu na Kibondo kukagua wanafunzi wetu wa ualimu walio katika mazoezi ya kufundisha. Safari moja nilimkuta mmoja wao amejifunga kilemba, macho mekundu kwa kulia. Alikuwa ameblichi nywele wakati wa likizo, juu ya dawa ya kunyoosha, na uongozi wa shule alikopangiwa ulimpa siku mbili aiondoe rangi hiyo au arudi chuoni. Mkononi alikuwa na pakiti ya rangi nyeusi ya kudumu aliyoinunua sokoni. Nilikwenda naye kwa msusi, mama mtu mzima, ambaye alikifunua kichwa na kukitazama kwa muda mrefu kabla ya kusema neno.

"Mama," aliniambia, "huyu mtoto kichwa kina vidonda. Nikimtia hii leo, mtanilaumu kesho."

Alikuwa sahihi kuliko pengine alivyojua mwenyewe. Rangi ya kudumu nayo huhitaji peroksaidi, na rangi nyingi nyeusi zina PPD, kemikali inayoweza kuamsha mzio mkali, hasa juu ya ngozi iliyochubuka. Ndiyo ile ile inayowaunguza watu mikono kwenye piko. Kipimo cha mzio, tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, huhitaji saa 48. Hesabu mwenyewe: siku mbili alizopewa binti yule zilitosha kwa kipimo peke yake, na hazikubakiza hata saa moja ya kupaka rangi.

Tuliomba wiki mbili, na kwa majadiliano marefu tukazipata, kwa sharti la kilemba darasani. Vidonda vilikauka. Msusi alikata sehemu iliyokwisha kuoza, akafanya kipimo, akapaka rangi ya muda ya kahawia yenye asili ya buluu, isiyo na amonia wala peroksaidi. Chungwa ilizimika. Hakupata dhahabu aliyoitamani, wala weusi alioamriwa, lakini alibaki na nywele, na alimaliza mazoezi yake.

Sibishani hapa kuhusu haki ya shule au ofisi kuwa na utaratibu wa mavazi. Mjadala huo ni mpana na tutaufanya siku nyingine. Hoja yangu ni nyembamba zaidi. Mwenye mamlaka ya kuamuru jambo lisahihishwe ana wajibu wa kujua usahihishaji huo huchukua muda gani na hugharimu nini. Amri ya siku mbili haikumfundisha binti yule adabu. Ilimsukuma kwenye pakiti ambayo ingemlaza hospitali, na kama ingemlaza, tungesema ni urembo umemponza.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaweza kufanya mambo mawili. Usimamizi wa vipodozi ulihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango. Shirika hilo lisisitize kwamba pakiti ya blichi au rangi inayouzwa Kasulu iwe na maelekezo ya Kiswahili, pamoja na onyo la saa 48 kwa herufi zinazosomeka. Na VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi viutambue ususi kuwa ni kazi ya kemikali, si ya mikono tu. Msusi wangu wa Kasulu alijifunza kwa kuona vichwa vya watu vikiharibika. Hatuna sababu ya kumlazimu kila anayeanza apite njia hiyo hiyo.

Kwenu wanafunzi, hasa mlio njiani kwenda kwenye mazoezi: mkishafika kwenye chungwa, simameni. Nguvu iliyowafikisha hapo haitawatoa. Afunikaye kichwa kwa kilemba wiki mbili hajashindwa, na mlioshika kalamu ya kuandika amri mkumbuke kumwachia nafasi ya wiki hizo mbili.