Udongo wa Kopo na Mmea wa Darasani

Tunapowatembelea wanachuo wawapo katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu tunakuta dirishani mwa darasa makopo mawili matatu yenye mimea. Hilo ni jambo jema, kwani somo la sayansi lisilo na kitu hai ni somo la maneno matupu. Lakini ni makopo machache yanayofikia mwisho wa mazoezi mmea ungali hai, na sababu inayotolewa huwa ni moja tu: watoto hawakumwagilia. Twapenda kuonyesha hapa kwamba mara nyingi sababu hiyo si ya kweli, na kwamba kuikubali bila uchunguzi kunadhuru zaidi ya mmea.

Hapana budi tuanze na udongo. Wanafunzi wengi, na wanachuo kadhaa pia, hudhani kuwa mmea hula udongo kama sisi tulavyo ugali. Mtaalamu Jan Baptista van Helmont wa Ubelgiji alilipima jambo hilo zamani, na habari zake zikachapishwa mwaka 1648. Alipanda mti mchanga katika ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ukaongezeka uzito kwa ratili zipatazo 164, lakini udongo ulipungua kiasi cha wakia 2 tu. Yeye alidhani kuwa mti wote umetokana na maji. Leo twajua kwamba sehemu kubwa ya mwili wa mmea hutokana na kaboni iliyomo hewani. Udongo basi ni nyumba ya mizizi kuliko kuwa chakula chake. Humo mizizi hupata pa kujishikiza, maji, madini kidogo, na kitu ambacho wengi hukisahau: hewa. Mizizi nayo hupumua.

Kwa sababu hiyo, udongo mzuri wa shambani waweza kuwa mbaya ndani ya kopo. Shambani maji hushuka mbali chini, na minyoo hufungua njia za hewa. Katika kopo maji hayana pa kwenda ila chini kidogo, kisha husimama. Mwalimu aweza kulionyesha hili kwa sponji moja. Liloweshe, lilaze juu ya viganja mpaka liache kudondosha maji, kisha lisimamishe wima. Litaanza kudondosha tena. Maji yaliyobaki hukaa sehemu ya chini. Kwa hiyo chombo kifupi hubaki na sehemu kubwa ya udongo iliyojaa maji kuliko chombo kirefu. Ndiyo maana kopo la kimo cha kutosha lafaa kuliko sahani ya bati. Aidha, kokoto chini ya kopo haziwezi kuchukua nafasi ya matundu. Kopo lisilotobolewa ni kisima.

Mchanganyiko tunaoutumia hapa chuoni hauhitaji fedha. Chukua sehemu mbili za udongo tifutifu, sehemu moja ya mchanga wa mtoni, na sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza barabara. Mchanga wa pwani una chumvi, usitumie. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kwa mimea ya nchi kavu kama mshubiri na mkonge mwitu, ongeza mchanga hata uwe nusu ya mchanganyiko wote. Kisha jaribu: lowesha kidogo, finyanga gao moja, ulisukume kwa kidole. Likivunjika kwa urahisi, mchanganyiko wafaa. Likibaki donge kama la mfinyanzi, ongeza mchanga na mboji.

Wanafunzi nao waweza kupima udongo wa shule yao kwa chupa ya kioo. Watie udongo hadi theluthi moja, wajaze maji, watikise kwa nguvu na kuiacha. Mchanga hutua katika dakika chache. Chembe ndogo zaidi hufuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi waweza kuyafanya maji yawe machafu hata kesho yake. Na mabaki ya majani huelea. Hapo mtoto huona kwa macho yake aina za udongo alizokuwa akizikariri.

Sasa tufike kwenye kumwagilia. Katika shule moja tuliyoitembelea, tulimkuta mwanachuo wetu amekwisha kumwadhibu msichana wa zamu kwa kuwa mmea wa darasa ulikuwa umenyauka. Tuliomba kopo lipinduliwe juu ya gazeti. Udongo ulitoka ukiwa tope lenye harufu mbaya, na mizizi ilikuwa ya rangi ya kahawia, laini, ikikatika kwa kuguswa. Msichana alikuwa amemwagilia asubuhi na jioni, kila siku, kama zamu ilivyoandikwa ubaoni. Mmea ulikufa kwa sababu mtoto alitii.

Jambo hili lataka kutazamwa kwa makini. Jani hulegea maji yanapopungua, lakini hulegea pia mizizi inapooza kwa maji mengi, maana mizizi iliyooza haiwezi kupandisha maji. Dalili ni moja, sababu ni mbili zinazopingana. Asiyepima atamwagilia zaidi na kuua kabisa. Na mwalimu asiyepima ataadhibu asiye na hatia. Mwanachuo yule, ambaye twamheshimu kwa hilo, kesho yake aliwaonyesha wanafunzi mizizi ile na kulitangazia darasa zima kuwa kosa halikuwa la mwenzao. Msichana hakusema neno. Lakini kopo jipya lilipoletwa, ndiye aliyeshika msumari na nyundo akalitoboa matundu.

Twashauri basi kwamba zamu ya kumwagilia igeuzwe kuwa zamu ya kuchunguza. Mtoto atie kidole udongoni hadi pingili ya pili. Akikuta unyevu, aandike "unyevu" daftarini na kuacha. Akikuta ukavu, amwagilie mpaka maji yatokee matunduni. Mshubiri na mkonge mwitu huachwa mpaka udongo ukauke kabisa. Daftari hilo baada ya mwezi mmoja latosha kwa somo la hesabu pia.

Kila mmea hueleza mahitaji yake kwa asili yake. Lipo ua dogo la zambarau ambalo hupambwa madirishani kote Ulaya na Marekani, na asili yake ni milima yetu. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hanover akalipa jina la Saintpaulia. Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara. Kwao huko msituni huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, ambako maji hayatuami. Atakayelipanda na akumbuke hayo: kivuli chenye mwanga, udongo mwepesi, maji ya kiasi. Vivyo hivyo isale, ambalo Wachaga hulipanda mipakani na kulitumia kuombea msamaha, huota upesi kwa kipande cha shina na kustahimili kivuli cha darasa.

Yako mambo mawili ya usalama. Usilete darasani mnyaa, kwa kuwa utomvu wake huumiza macho vibaya. Pia visahani vya chini ya makopo vimwagwe maji kila baada ya siku mbili. Mbu aina ya Aedes, waenezao homa ya dengi iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaliana katika maji machache kama hayo, na huweza kukomaa kwa muda wa wiki moja hivi.

Mwisho, twawaomba wanachuo wasingoje kupangiwa shule ndipo waanze. Kila mmoja na achanganye kopo moja kwa mikono yake angali chuoni, alitunze kwa muhula mzima, na aandike alichokiona. Mmea ukifa, aupindue na kutazama mizizi kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa.